Muuza Kipimo Asiwe Kadhi

Katika maswali mengi yanayozunguka upimaji wa vinasaba vya viinitete, yanayopendwa na wasemaji ni yale makubwa ya falsafa, kama vile uhai huanza lini, na mwanadamu amewekewa mpaka gani katika kazi ya uumbaji. Nayo ni maswali ya haki, yanayostahili taadhima, ambayo wanazuoni na mapadri watayajadili muda mrefu baada ya sisi tuandikao magazetini kwisha kufukiwa. Lakini liko swali jingine, dogo kwa sura na zito kwa matokeo, ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni hili: ni nani aliyepewa mamlaka ya kusema kwamba kipimo fulani kinafaa kutumiwa kuchagua kiinitete kipi kipandikizwe katika tumbo la mama, na kipi kiachwe? Rai yangu, ambayo nitaieleza bila haraka, ni kwamba popote pale ambapo mwenye mamlaka hayo ndiye huyo huyo anayepokea fedha za kipimo, hapo hapana sheria, hata zikitundikwa leseni kumi ukutani.

Yampasa msomaji asiye tabibu kujua kwanza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana hofu nyingi na matumaini mengi yaliyozagaa juu ya jambo hili yametokana na kutoijua. Mayai ya mwanamke huvunwa kwa sindano baada ya siku kadhaa za dawa, hukutanishwa na mbegu za mwanamume katika chombo cha maabara, na yale yaliyotunga huachwa yakue siku tano au sita, mpaka kila kiinitete kiwe kitufe cha seli mia moja au zaidi, ambacho sehemu yake ya ndani ndiyo itakayokuwa mtoto, na ukuta wake wa nje ndio utakaokuwa kondo la nyuma. Katika ukuta huo mtaalamu huchota seli chache, takriban tano hadi kumi, kisha kiinitete hugandishwa kwa baridi kali kikingoja majibu, na zile seli zilizochotwa husomwa vinasaba vyake. Kwa hiyo kinachopimwa si ile sehemu itakayokuwa mtoto, bali ukuta unaoizunguka. Na nukta hii ndogo naomba msomaji aihifadhi, kwani tutaihitaji mbele.

Kazi hii ilizaa matunda kwa mara ya kwanza mjini London, mwaka 1990, katika Hospitali ya Hammersmith, ambako Alan Handyside na wenzake waliwasaidia wazazi wenye maradhi ya kurithi yanayowaangukia watoto wa kiume. Na kwa kuwa maarifa ya siku zile hayakutosha kuusoma ugonjwa wenyewe, walisoma jinsia tu katika seli moja ya kiinitete cha siku tatu, wakapandikiza vya kike. Mwaka 1999 matabibu wa New York wakatangaza mimba ya kwanza iliyochaguliwa kwa njia hii ili mtoto aepuke selimundu. Sijapata kusikia hoja ya kunishawishi kwamba wazazi wa namna hii wana kiburi mbele ya Muumba wao. Aghalabu ni watu waliokwisha kuzika mtoto mmoja, au wanaokesha wakimuuguza mwingine, na wanachokiomba ni kutoyarudia.

Lakini chini ya jina hili moja la upimaji zinauzwa leo bidhaa tatu zisizofanana. Ya kwanza ni hii ya kutafuta ugonjwa mmoja unaojulikana, unaotokana na kinasaba kimoja kinachojulikana, katika familia inayojulikana kuwa nao. Ya pili ni kuhesabu kromosomu, ambayo hupewa hata wazazi wasio na ugonjwa wowote wa kurithi, kwa ahadi kwamba mimba itashika upesi. Ya tatu, iliyozaliwa juzi, ni kujumlisha athari za maelfu ya vinasaba, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo mno, ili kiinitete kipewe alama ya uwezekano wa kuugua kisukari au moyo, na kwa baadhi ya wauzaji, alama ya urefu na ya akili. Tofauti iliyopo baina ya bidhaa ya kwanza na ya tatu ni kubwa kuliko ile iliyopo baina ya tabibu na mpiga ramli mwenye bidii. Ilhali maabara ni ile ile, na mnunuzi hupokea karatasi za namna moja, zenye tarakimu zile zile za kutisha.

Waingereza, ambao katika mambo mengine sioni sababu ya kuwaiga, katika hili walitangulia kwa busara. Baada ya mtoto wa kwanza wa maabara kuzaliwa Oldham mwaka 1978, na taharuki iliyofuata, serikali yao iliunda mwaka 1982 kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1984. Na kwa kufuata taarifa hiyo Bunge likapitisha sheria mwaka 1990, na mamlaka ya kusimamia uzazi na viinitete, iitwayo kwa ufupi HFEA, ikaanza kazi mwaka 1991. Kwa amri ya sheria hiyo, mwenyekiti wa mamlaka hawezi kuwa tabibu, wala mtu anayeshughulika na viinitete kwa tiba au kwa utafiti. Hospitali inayotaka kupima ugonjwa fulani haijipi ruhusa yenyewe. Hupeleka ombi, ugonjwa huo hujadiliwa kwa jina lake, wataalamu na watu wanaoishi nao husikilizwa, na shauri linalokatwa huandikwa na kutangazwa. Mizani wanayoitumia ni kama pana hatari kubwa ya mtoto kupata ulemavu mzito au maradhi mazito, na kwa mizani hiyo mamia ya maradhi yamekwisha kukubaliwa, ilhali kuchagua jinsia kwa matakwa tu ya wazazi, bila sababu ya ugonjwa, kumekatazwa kabisa.

Wala sisemi kwamba mamlaka hiyo haikosei. Mwaka 2006 ilikubali kupimwa kwa vinasaba vya saratani ya matiti na ya ovari, ambavyo havimpi ugonjwa kila aliye navyo, na pengine humpa akiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini, baada ya kuishi na kufurahi na kuzaa. Na wako waliouliza, kwa insafu, iwapo mtu aliyejaaliwa miaka hiyo yote alikuwa wa kuachwa katika barafu. Kabla ya hapo palikuwa na shauri la wazazi waliotaka kiinitete kisicho na thalasemia, na ambacho pia kingelingana na ndugu yake mgonjwa, ili damu ya kitovu imponye. Shauri hilo lilipanda mpaka Baraza la Malodi, likakatwa mwaka 2005 kwa upande wa mamlaka iliyowaruhusu. Tena sheria ya mwaka 2008 ilipokataza kupendelea kiinitete chenye ulemavu juu ya kisicho nao, viziwi wa Uingereza walihamaki, wakasema Bunge limewahukumu kuwa watu wa daraja ya pili; nami, ingawa siafiki hitimisho lao, naona walikuwa na haki kamili ya kupiga kelele. Jambo ninalolithamini katika visa vyote hivi ni kwamba mlalamikaji alijua mlango wa kubisha, na aliyekata shauri alilazimika kutoa sababu zake hadharani, asiweze kujificha nyuma ya siri ya biashara.

Marekani hali ni nyingine. Huko hakuna sheria ya shirikisho inayosema ni sifa zipi za kiinitete zinaweza kupimwa na zipi haziwezi. Jinsia huchaguliwa kwa fedha, na kampuni changa zenye mitaji ya wawekezaji hutangaza kwamba zitawapangia wazazi viinitete vyao kwa safu, kuanzia kilicho bora, kwa malipo ya maelfu ya dola. Mwenye kampuni ndiye aliyebuni alama, ndiye anayeipima, ndiye anayeifasiri, na akiulizwa kama inafaa, hujibu yeye. Nao ukuta wa Waingereza haukuizuia tijara hii, kwani magazeti ya London yamekwisha kueleza jinsi wazazi wa huko wanavyodai kutoka hospitalini data ghafi za viinitete vyao, ambazo ni haki yao kisheria, wakazituma Marekani zikapewe alama ambazo hospitali yao imekatazwa kuzitoa.

Na alama hizo zina thamani gani? Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Shai Carmi wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walifanya hesabu ambayo ingepasa kubandikwa katika kila kliniki: wazazi wenye viinitete kumi, wakichagua kilichopata alama ya juu kuliko vyote, wangetarajia kwa wastani nyongeza ya takriban sentimita 2.5 za kimo, au pointi 2.5 katika kipimo cha akili, na hapo kila mtoto mmoja mmoja angeweza kuwa mbali sana na wastani huo. Wanawake wengi wanaokuja kutibiwa hawapati hata hivyo viinitete kumi. Mwaka huo huo Alicia Martin na wenzake walionyesha kwamba takriban asilimia 79 ya watu walioshiriki katika tafiti zinazozaa alama hizi walikuwa wa asili ya Ulaya, na kwamba kwa watu wa asili ya Afrika usahihi wake hupungua mara 4 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mzazi wa Mombasa au Mwanza anayenunua alama hizi anauziwa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na bei hapunguziwi.

Na kwetu sisi wa Afrika Mashariki liko jambo ambalo halifundishwi shuleni, nami sijui kwa nini. Mwaka 1933 palianzishwa mjini Nairobi chama cha walowezi na matabibu kilichojitia jina la chama cha kutafiti uboreshaji wa mbari, na kiongozi wake alikuwa Henry Laing Gordon, tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Tabibu mwenzake, F. W. Vint, alipima uzito na tabaka za bongo za Waafrika waliokufa, akachapisha mwaka 1934 katika jarida la anatomia kwamba bongo hizo ni duni. Na juu ya msingi huo Gordon na wenziwe wakaiomba serikali ya London fedha za kufanya utafiti mkubwa zaidi, wakahoji pia kama ilikuwa busara kuwasomesha wenyeji. Fedha hawakupewa. Lakini wasomi wale hawakuwa wahuni wa mtaani. Walikuwa na shahada, mizani ya shaba na majarida ya heshima, wakaandika tarakimu zao kwa adabu ileile inayoandikwa leo katika karatasi za kampuni zinazouza alama za akili. Sisemi kwamba wauzaji wa leo wana nia ya Gordon, maana hilo lingekuwa dhuluma. Nasema kwamba nchi ambayo akili za watu wake ziliwahi kupimwa na wasiokuwa na wa kuwauliza, haina udhuru wa kuliachia soko kipimo kingine cha akili.

Hata hivyo, anayengoja mtoto wa kuagizwa kwa urefu na akili ndipo ashtuke, atakuwa ameshtukia mlango usio wake, kwa sababu madhara yamekwisha kuingia kwa mlango wa ile bidhaa ya pili, ya kuhesabu kromosomu. Nilisema kwamba kinachopimwa ni ukuta wa nje. Basi imedhihirika kwamba seli za ukuta huo huweza kuwa na hitilafu ambazo sehemu ya ndani haina, au kuwa na mchanganyiko wa nzuri na mbovu, na kiinitete kinaweza kuandikiwa hukumu ya ubovu kikatupwa, ilhali kingalizaa mtoto mzima. Mwaka 2015 matabibu wa Roma walichapisha habari za wanawake 18 ambao, kwa kukosa kiinitete kingine, walikubali kupandikizwa vile vyenye mchanganyiko, na wakazaliwa watoto 6 wenye afya. HFEA yenyewe huwaonya wagonjwa kwa alama nyekundu kwamba kwa walio wengi kipimo hiki hakiongezi nafasi ya kupata mtoto, ingawa inakiri kwamba kinaweza kupunguza kuharibika kwa mimba. Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 41, aliyeuza kiwanja ili apate mzunguko mmoja wa tiba, akapata viinitete viwili, naye anaambiwa na kliniki iliyomuuzia kipimo kwamba vyote viwili ni vibovu. Amwendee nani? Hana pa kukata rufani, na kitu alichokuja kukitafuta kimekwisha kuyeyushwa na kumwagwa.

Selimundu ndiyo inayotuhusu kuliko vyote. Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kuliko zote duniani, na ukanda wa Ziwa Victoria, wa upande wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, unaujua uchungu wa mifupa yake nyumba kwa nyumba. Sababu ya kuenea kwake iligunduliwa papa hapa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za wenyeji mwaka 1949 akaona kwamba pwani na kandokando ya ziwa zaidi ya mtu 1 kati ya 5 hubeba kinasaba kimoja cha selimundu, ilhali nyanda za juu hawafiki hata mmoja katika mia. Na mwaka 1954 akathibitisha kwamba mwenye kubeba kinasaba kimoja, ambaye mwenyewe si mgonjwa, hukingwa na malaria kali. Kinasaba kimoja ni kinga, viwili ni maradhi.

Wazazi wawili wabebaji wanapopimiwa viinitete, kwa wastani kimoja kati ya vinne kitakuwa na ugonjwa, viwili vitakuwa vya wabebaji kama wazazi wao, na kimoja kitakuwa huru. Swali ambalo hakuna kliniki inayopaswa kulijibu peke yake ni hili: je, vile viwili vya wabebaji viwekwe fungu gani? Muuzaji atavutwa kuviita vya daraja ya pili, kwa sababu karatasi isiyo na doa huuzika vizuri zaidi. Hali watu hao wawili wangekuwa wazima, na kijijini penye mbu yamkini wangewashinda wenziwao kuishi. Sheria shurti iseme waziwazi kwamba kubeba si kuugua, na kwamba hakuna kiinitete kitakachoachwa kwa kubeba tu.

Liko na jambo la fedha. Kipimo hiki, pamoja na tiba inayokibeba, kitabaki kwa miaka mingi kuwa cha wenye nacho, na ninahofu siku ambayo wenye nacho watakuwa hawazai tena watoto wa selimundu, kwani maradhi yanayowauma maskini peke yao hayana msemaji katika bajeti. Tone la damu kutoka kisiginoni mwa mtoto mchanga, dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu, na kupima damu kabla ya ndoa kama Saudia ilivyoamuru tangu mwaka 2004, huku ikiwaachia wachumba hiari ya kuoana au kuachana baada ya majibu, ni mambo yenye gharama ndogo na yenye kufikia wengi. Mwenye kutetea upimaji wa viinitete bila kuyataja haya anatetea biashara yake.

Juu ya dini nitasema machache. Kanisa Katoliki, katika hati yake ya mwaka 2008, limekataa upimaji huu tangu msingi wake, kwa kuwa linakiheshimu kiinitete kama mtu tangu kutungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu, wanaoamini kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120, wameona nafasi ya kuzuia maradhi mazito baina ya mke na mume, na baraza la fikihi la Makka likatoa uamuzi mwaka 2007 wa kukataza uchaguzi wa jinsia isipokuwa kwa dharura ya ugonjwa. Sheria ya nchi yenye watu wa madhehebu yote haiwezi kuupatanisha mgongano huo, wala haihitaji. Linaloihusu ni kwamba asiyetaka asilazimishwe, na tabibu ambaye dhamiri yake inamkataza asifukuzwe kazi.

Watakaonipinga wataniambia kwamba serikali ni kadhi mbaya kuliko mfanyabiashara, na watanitajia Ujerumani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1933 iliwahasi watu takriban 400,000 kwa kisingizio cha kuhifadhi kizazi. Hoja hiyo ni nzito, na Wajerumani wenyewe wameibeba: sheria yao ya mwaka 1990 ilivilinda viinitete kwa ukali hata upimaji ukadhaniwa kuwa umekatazwa, mpaka mahakama kuu ya shirikisho ilipomwachia huru tabibu mmoja mwaka 2010, na Bunge likafungua mlango mwembamba mwaka 2011, wenye kamati ya maadili inayosikiliza kila ombi peke yake. Jibu langu ni kwamba sikuomba waziri awe kadhi. Mamlaka ninayoitaka haina uwezo wa kumwamuru mtu yeyote apime. Uwezo wake ni juu ya muuzaji, kumwambia hiki uza, hiki usiuze, na hiki onyesha kwanza ushahidi.

Nchini Kenya mswada wa kwanza wa mambo haya, wa Mbunge Millie Odhiambo, ni wa mwaka 2014, nao umerejea bungeni kwa sura mbalimbali. Uganda nayo ilipata wa kwake mwaka 2023, wa Mbunge Sarah Opendi. Katika mijadala hiyo midomo mingi huvutwa na habari za wanawake wanaowabebea wengine mimba, na upimaji hupitwa kwa haraka. Ningependa wabunge wetu waiongezee miswada hiyo mambo ambayo hayahitaji fedha za kigeni: mwenyekiti asiye tabibu, orodha ya maradhi inayojadiliwa hadharani, marufuku ya alama za akili na ya jinsia, haki ya mgonjwa kupata rai ya pili kabla kiinitete hakijatupwa, na masharti juu ya sampuli zinazosafirishwa nje, ambazo leo huondoka na vinasaba vya familia nzima pasipo mtu kujua zitahifadhiwa wapi. Gharama za mamlaka zilipwe kama Uingereza, ambako mapato yake mengi hutoka katika ada ya kila mzunguko wa tiba, na sehemu ya ada hiyo itengwe kisheria kununua vifaa vya kupimia selimundu watoto wachanga wa Kilifi, Busia na Mara. Kliniki zitalalamika kwamba wateja watakimbilia ng'ambo. Wachache watakwenda, kama wanavyokwenda sasa, na waliobaki watatibiwa mahali penye wa kuulizwa.